Ndege za Nakala na Kumbukumbu ya Vita Taita Taveta

Utangulizi

Kila mwaka, katika nchi kadhaa za Ulaya, Marekani na New Zealand, maelfu ya watu hukusanyika viwanjani kutazama ndege za kivita za Kijerumani zikipaa tena. Watazamaji huja na watoto wao, viti vyao na kamera zao. Ndege hupita chini kwa chini, injini zikinguruma, na mtangazaji hueleza kwa kipaza sauti ni rubani gani aliyeirusha ndege kama hiyo na aliwaangusha maadui wangapi. Aghalabu ndege zinazotazamwa si zile zilizopigana. Ni nakala: ndege zilizoundwa upya miaka mingi baada ya vita, kwa michoro ya zamani na kwa mikono ya mafundi wa leo.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba jambo hili halimhusu. Makala haya yanashikilia kwamba linamhusu, na linamhusu zaidi akiwa anatoka Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta. Vita Vikuu vya Kwanza vilipiganwa katika ardhi hiyo. Uwanja wa ndege za kivita ulikuwa Maktau. Hata hivyo, katika kumbukumbu ya vita hivyo ulimwenguni, chuma na mbao vimeundwa upya mara nyingi, ilhali watu waliovibeba vyakula na risasi za vita hivyo hawajaundiwa hata orodha kamili ya majina. Nakala yenyewe si kosa. Linalofaa kuulizwa ni nakala hiyo imeacha nini nje, na ni nani mwenye wajibu wa kukirejesha.

Nakala kama utendaji

Ni vyema kuanza kwa kuwatendea haki wanaounda ndege hizi. Chukua mfano wa Fokker Dr.I, ndege ya mabawa matatu yaliyopangwa moja juu ya jingine, ambayo umaarufu wake umefungamana na jina la Manfred von Richthofen. Ziliundwa zipatazo 320 tu. Leo haijasalia hata moja kamili ya asili. Ile ya mwisho iliyokuwa imehifadhiwa Berlin iliangamia katika mabomu ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa hiyo, kila Fokker ya mabawa matatu inayoonekana angani leo ni nakala. Bila nakala hizo, mtu angebaki na picha zisizo na rangi wala sauti.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, hoja hii si ngeni. Ngano haimo katika karatasi. Huishi pale fanani anaposimama mbele ya hadhira, akapaza sauti, akabadilisha uso, akaitikiwa. Ngano iliyoandikwa na kufungiwa kabatini ni kama ndege iliyoning'inizwa darini katika jumba la makumbusho: ipo, lakini haipai. Ndege ya nakala inayoruka ni utendaji. Rubani ni fanani, uwanja ni jukwaa, umati ni hadhira. Na kama ilivyo kwa fanani yeyote, anayetenda huchagua. Huongeza hapa, hupunguza pale.

Uchaguzi huo huonekana wazi katika ndege za Vita Vikuu vya Pili. Nchini Ujerumani, sheria ya jinai hukataza kuonyesha hadharani alama za utawala wa Hitler, isipokuwa kwa madhumuni maalumu kama vile elimu na utafiti. Kwa sababu hiyo, ndege nyingi zinazorushwa huko katika maonyesho hazina swastika mkiani. Uingereza na Marekani hazina katazo la namna hiyo, na ndege ya aina ileile inaweza kuruka huko ikiwa na alama hiyo. Mkia mmoja, hadithi mbili.

Lakini kuna kilichoachwa ambacho ni kikubwa kuliko alama ya mkiani. Messerschmitt Me 262 ilikuwa ndege ya kwanza ya kivita ya jeti kutumika vitani, na kuanzia mwaka 2002 nakala zake zilizoundwa Marekani zimekuwa zikiruka. Mafundi waliziwekea injini za kisasa kwa kuwa zile za asili zilidumu saa chache tu kabla ya kuhitaji kubadilishwa. Ni uamuzi wa busara. Hata hivyo, Me 262 za asili ziliundwa kwa sehemu kubwa na wafungwa wa kambi za mateso, wakiwamo waliofanyishwa kazi katika mahandaki ya Gusen, nchini Austria, ambako maelfu waliangamia. Injini inaweza kubadilishwa na mtazamaji akaambiwa imebadilishwa. Wafungwa waliotolewa katika hadithi, mtazamaji haambiwi kwamba wametolewa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja. Mashine huvutia macho, na aliyetumikishwa ili mashine iende hupotea nyuma yake. Taita Taveta inajua jambo hilo kwa namna yake.

Ndege iliyokuja kwa maonyesho

Ipo kweli moja ya kihistoria ambayo wengi hushangaa kuisikia. Katika Afrika Mashariki yote iliyokuwa chini ya Wajerumani, vita vilipoanza Agosti 1914, hapakuwa na kikosi cha ndege za kivita. Palikuwa na ndege moja tu. Na ndege hiyo haikuletwa kwa vita. Ililetwa Dar es Salaam na rubani Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho makubwa ya koloni yaliyopangwa kufanyika mwezi huohuo. Kabla ya hapo Büchner alikuwa amerusha ndege mbele ya watazamaji huko Namibia ya leo, iliyokuwa pia koloni la Ujerumani. Maonyesho ya Dar es Salaam yaligeuka vita, na ndege ya kutazamwa ikachukuliwa na jeshi. Iliharibika mapema, na Wajerumani wakapigana hadi mwisho wa vita, Novemba 1918, bila jeshi la anga.

Kwa hivyo, anga la Taita Taveta lilikuwa la ndege za Waingereza. Baada ya meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, kuangamizwa katika delta ya Rufiji mnamo 11 Julai 1915, kwa mizinga iliyoelekezwa na marubani kutoka angani, ndege za jeshi la majini la Uingereza zilihamishiwa Maktau. Mapema mwaka 1916 kikosi cha 26, kilichokuwa na watu wengi wa Afrika Kusini, kikaja na ndege zake hadi Mbuyuni. Kutoka huko marubani walipeleleza vilima vya Salaita, Latema na Reata.

Ni muhimu kuona ndege hizo zilifanya nini na hazikuweza kufanya nini. Mnamo 12 Februari 1916, majeshi ya Uingereza yalikishambulia kilima cha Salaita yakiamini kwamba waliokilinda walikuwa wachache. Walikuwa wengi zaidi, na walikuwa wamejificha katika mahandaki ambayo pori lilikuwa limeyafunika. Shambulio lilishindwa, na wanajeshi wa Afrika Kusini wakarudi nyuma kwa hasara. Waliosaidia kuwaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao baadhi ya hao waliookolewa walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao. Jicho lililokuwa angani halikuona yote yaliyokuwa ardhini. Funzo hili linafaa kukumbukwa na kila anayetaka kuisoma historia ya vita kwa kutazama juu.

Ardhini

Methali isemayo kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia imekaririwa shuleni hadi imechakaa. Hata hivyo, Taita Taveta ni mahali ambapo tembo na nyasi vyote vipo, na methali hiyo ina tarehe.

Taveta ilitekwa na Wajerumani Agosti 1914, ikakombolewa na Waingereza Machi 1916. Katikati ya tarehe hizo mbili, reli ya kijeshi ilijengwa kutoka Voi kuelekea magharibi kupitia Maktau, ili askari, maji, chakula na mafuta ya magari na ya ndege yafike mpakani. Kiwanja cha ndege katikati ya pori hakijifyeki chenyewe. Tuta la reli halijirundiki lenyewe.

Kisa cha Wakasigau ni kizito zaidi. Mnamo 1915, baada ya kushukiwa kwamba waliwasaidia Wajerumani dhidi ya kituo cha Waingereza, watu wa mlima Kasigau walikusanywa na kuhamishwa kwa nguvu hadi Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na chemchemi, wakatupwa katika joto la pwani na homa zake. Wengi walikufa. Waliosalia walirejea kwao mwaka 1936, miaka 18 baada ya vita kwisha. Mtoto aliyeondoka akiwa mgongoni mwa mamaye alirudi akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na ushei, akioneshwa nyumbani kwao na wakubwa waliobahatika kupona. Hakuna ndege ya nakala inayoweza kukisimulia kisa hicho. Kinaweza kusimuliwa kwa lugha tu.

Kisha kuna wapagazi. Farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, magari yalikwama matopeni, na jeshi likategemea vichwa na mabega ya watu. Katika muda wote wa vita, Waingereza waliwaandikisha watu wapatao milioni moja wa Afrika Mashariki na maeneo ya jirani kuwa wapagazi. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Vifo vilivyokubaliwa rasmi vinakaribia 95,000, na wanahistoria wengi hushikilia kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kibovu.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, sanamu za ukumbusho zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Maandishi yake yako katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi wanatajwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidiwa kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ilitolewa kwa Kiswahili, lugha hii inayosomwa katika idara za vyuo vikuu. Lakini jina lenyewe halikuandikwa. Mnamo Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba huenda watu hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na tume ikaomba radhi. Anayepita katika makaburi ya vita ya Voi au Taveta ataona mawe meupe yaliyopangwa kwa nidhamu, kila moja na jina lake. Ayahesabu mawe hayo, kisha ajiulize mawe ya wapagazi yako wapi.

Kumbukumbu iliyokimbilia katika maneno

Wapagazi hawakupata mawe, lakini walipata neno. Jina la Kiingereza la kikosi chao lilipita katika kinywa cha Mswahili likawa Kariakoo, na Kariakoo likawa jina la mitaa na masoko, Dar es Salaam na Nairobi. Maelfu hununua mchicha na mitumba humo kila siku bila kujua kwamba wanatamka jina la jeshi la watu waliobeba mizigo hadi kufa. Pengine huo ndio ukumbusho mkubwa kuliko yote: ukumbusho usiojijua.

Taita Taveta nayo ina maneno na masimulizi yake. Husimuliwa kwamba jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo. Mwanaisimu anaweza kuitilia shaka asili hiyo, na ni haki yake. Lakini kwa mwanafasihi, hata kama asili hiyo si ya kweli, masimulizi yenyewe ni ushahidi. Yanaonyesha kwamba wenyeji walikitazama kilima hicho, wakasikia jina lake, wakaona halina budi kuwa na damu ndani yake.

Vilevile husimuliwa habari za mbuyu ambamo mwanamke wa Kijerumani alijificha akiwalenga askari kwa bunduki, akilipiza kisasi cha mumewe. Watalii huoneshwa mbuyu huo na alama za risasi. Ni simulizi tamu, yenye mapenzi, kisasi na siri. Lakini ichunguzwe kwa jicho la mhakiki. Mhusika mkuu ni nani? Ni Mjerumani tena. Waliompelekea maji, waliomchimbia mumewe kaburi, walioikimbia risasi yake wakiwa na mzigo kichwani, hawamo. Hata simulizi ya papo hapo Taita Taveta imejengwa kwa mtindo uleule wa maonyesho ya ndege.

Fasihi ya Kiswahili haikosi kazi za vita. Kuna utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu Wadachi kuitamalaki Mrima. Kuna utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji. Kuna Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert kuhusu vita vya 1939 hadi 1945. Lakini vita vya 1914 hadi 1918, vilivyochukua roho nyingi za Waafrika Mashariki, havikupata katika mitaala utenzi wenye hadhi ya hizo tatu. Pengo hilo si la Wazungu kulijaza.

Beni: mwigo uliojua kuiga

Huenda msomaji akadai kwamba kuiga vitu vya Wazungu ni ukasuku, na kwamba Mwafrika hana haja na nakala. Historia inamkanusha. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19 na kuenezwa bara na askari na wapagazi wakati wa vita hivyo, ilikuwa mwigo wa wazi wa jeshi la Mzungu. Wachezaji walivaa sare, wakapiga kwata, wakapeana vyeo, wakajigawa katika vyama kama Marini na Arinoti. Mtazamaji wa juujuu angeona kasuku. Lakini waliocheza beni walijiweka wenyewe ndani ya mwigo huo. Aliyekuwa mpagazi aliweza kuwa jenerali. Aliyeamriwa aliweza kuamuru, kusifu na kukejeli kwa nyimbo za Kiswahili. Ilikuwa nakala yenye watu.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Ndege ya nakala humrudisha rubani peke yake. Beni iliwarudisha waliosahauliwa na wakuu wa vita.

Kwa nini haya sasa

Hoja ya kwamba maonyesho ya ndege yako mbali na Kenya imepungua nguvu. Mwaka 2016 msafara wa ndege za mabawa mawili-mawili ulipita Afrika kutoka kisiwa cha Krete hadi Afrika Kusini, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi za njia hiyo. Mwaka 2022 jeshi la Kenya lilifanya maonyesho ya ndege katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Utalii wa viwanja vya vita unatangazwa Taita Taveta, na hoteli ya kitalii huko imeweka mkusanyiko wa kumbukumbu za vita hivyo. Si ajabu siku moja mtu mwenye fedha akataka kuirusha ndege ya nakala juu ya Maktau, umati ukitazama kutoka Salaita.

Watakaoliunga mkono wazo hilo watataja ajira na fedha za wageni, na watakuwa na hoja. Kaunti yenye ukame, migogoro ya tembo na mashamba, na vijana wasio na kazi haiwezi kuambiwa iwafukuze wageni kwa sababu za kifalsafa. Ndege ikija, na ije. Lakini mtangazaji atakapokishika kipaza sauti, atasema nini na kwa lugha gani? Asipokuwa na maandishi ya kutegemea, atasema anachokijua: jina la rubani, nguvu za injini, rangi ya mabawa. Atakuwa hana hatia. Hatia itakuwa ya waliokuwa na nafasi ya kumwandikia wakakaa kimya.

Hitimisho

Wajibu huo ni wa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kabla ya kuwa wa mtu mwingine, na unaweza kuanza na mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. La kwanza ni kukusanya. Wapagazi wenyewe hawapo tena, wala watoto waliohamishwa Kasigau huenda hawapo, lakini wajukuu wao wapo Kasigau, Bura, Mwatate na Taveta, na masimulizi waliyorithi yamo katika Kidawida, Kisagalla, Kitaveta na Kiswahili. Tasnifu moja ya uzamili kuhusu masimulizi ya Wakasigau ingekuwa na thamani kuliko tasnifu ya kumi kuhusu riwaya ileile. La pili ni kuandika majina. Kila ukoo unaokumbuka jina la babu aliyechukuliwa na kariakoo akapotea, jina hilo liandikwe, pamoja na la aliyelitaja na tarehe ya kutajwa. La tatu ni kutenda. Tamthilia, utenzi na maelezo ya makumbusho yaandikwe kwa Kiswahili, yachezwe na kusomwa Voi mbele ya wenyeji kabla ya kupelekwa kwa wageni.

Mafundi wa New Zealand na Marekani wameonyesha kwamba kitu kilichopotea kabisa kinaweza kurudi kikiwa hai, iwapo watakuwapo watu wa kukaa miaka mingi wakipima, wakichonga na kukosea hadi kipae. Walifanya hivyo kwa ajili ya mbao, turubai na chuma. Jina la mtu halihitaji injini. Linahitaji mtu wa kwenda kuliuliza kabla aliyelirithi hajaondoka nalo.